Uzito Unaporudi Baada ya Kukatwa Tumbo: Mwongozo Kamili wa Kurudisha Nidhamu ya Kula

Siku moja kabla ya harusi ya mdogo wangu, nyumbani kwetu Jang'ombe, Unguja, nilipewa kazi ya kachori. Nikakaa kigodani mbele ya karai tangu baada ya laasiri, nikikaanga na kupanga kwenye sinia. Usiku ilipopakuliwa biriani nilikula vijiko vitatu, nikasogeza sahani na kusema nimeshiba. Shangazi akanisifu mbele ya watu: "Huyu kajikaza, tazameni anavyokula kama ndege." Alisema alichokiona. Asichokiona ni kachori saba nilizokwishakula pale kwenye karai, moja baada ya moja, kwa muda wa saa tatu.

Nilikuwa nimetimiza miaka mitatu tangu nikatwe tumbo, yaani nifanyiwe upasuaji wa kupunguza uzito. Nilianza na kilo 128, nikateremka mpaka 79, na siku ile ya kachori nilikuwa nimeshapanda mpaka 93. Leo nina kilo 83 na nimekaa hapo mwaka wa pili. Hospitali niliyofanyiwa, nje ya nchi, ilinipa karatasi ya vyakula iliyojaa brokoli na jibini, na hakuna aliyeniambia nifanyeje na urojo, sinia la wali wa nazi, au mama mkwe anayepakua bila kuuliza. Haya niliyoandika hapa ndiyo niliyoyatafuta wakati ule nikayakosa.

Kwanza elewa kilichotokea

Kuna upasuaji unaoondoa kiasi cha asilimia 75 mpaka 80 ya mfuko wa chakula, ukabaki mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Kuna baipasi, ambapo daktari hutengeneza kifuko kidogo juu, cha kama mililita 30, akakiunganisha moja kwa moja na utumbo mdogo. Kwa wale wa mrija, sehemu iliyoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi grelini, homoni inayoamsha njaa. Ndiyo maana mwaka wa kwanza unapita mbele ya duka la halua kama unayepita mbele ya duka la misumari. Kwa wengi uzito hufika chini kabisa kati ya mwezi wa 12 na wa 24. Baada ya hapo njaa huamka, mfuko hulegea kidogo, na kilo chache hurudi. Hilo ni jambo la kawaida, wala si dalili kwamba umeharibu kila kitu.

Lakini kuna kilo chache, na kuna kilo 14 kama zangu. Mfuko mdogo unazuia sinia. Lakini hauwezi kuzuia kudokoa, yaani kula kidogo kidogo nje ya milo. Kipande cha samaki kikavu hukaa tumboni na kukushibisha kwa saa tatu au nne. Kachori, biskuti, tambi, visheti vilivyochovywa kwenye chai na vipande vya muhogo wa kukaanga hulainika na kuteleza, na baada ya nusu saa pana nafasi tena. Mtu anaweza kushinda siku nzima hajala mlo hata mmoja na bado akaingiza chakula kingi kuliko jirani yake aliyekula sahani tatu. Hatua zote zinazofuata zina lengo moja: mlo uwe mlo tena, wenye mwanzo na mwisho.

Hatua ya kwanza: mwone daktari kabla hujajilaumu

Usianze na kujinyima. Anza na miadi. Uzito unaweza kurudi kwa sababu zisizo na uhusiano na mkono wako: mfuko uliotanuka, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, au dawa. Insulini, steroidi, baadhi ya dawa za msongo wa mawazo na sindano ya uzazi wa mpango zinaweza kuongeza uzito. Mpelekee daktari orodha ya kila unachokunywa na kuchomwa, pamoja na karatasi ya upasuaji wenyewe, maana wengi wetu tulifanyiwa India, Uturuki au Dar es Salaam na daktari wa hapa hajui tumekatwa namna gani. Kama huna karatasi hiyo, iombe leo kule ulikofanyiwa.

Omba pia vipimo vya damu: wingi wa damu, madini ya chuma, B12, vitamini D, sukari.

Usisubiri miadi ukiona haya: kutapika kila siku, maji kutokupita, maumivu makali ya tumbo, choo cheusi kama lami, kuzimia. Kutapika kwa muda mrefu huondoa vitamini B1 mwilini, na upungufu wake unaweza kudhuru ubongo na mishipa ya fahamu. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Hatua ya pili: daftari la siku saba

Nunua daftari la shule. Kwa siku saba usibadilishe chochote, andika tu kila kinachopita mdomoni, saa uliyokila, ulikuwa wapi, na kama ulikuwa na njaa au la. Kila kitu: kipande cha chapati ulichomalizia kwenye sahani ya mtoto, kijiko cha kuonja mchuzi, nusu ya boflo iliyobaki.

Ukurasa wangu mmoja, wa Jumatano, nimeuhifadhi. Saa 1 asubuhi chai ya maziwa, sukari vijiko vitatu. Saa 2, kipande cha mkate wa mtoto. Saa 4 ofisini chai tena, vitumbua viwili, "mwenzangu kaleta". Saa 6, korosho. Saa 8 mchana, wali vijiko vinne na mchuzi, samaki nikamwacha kwa sababu nilihisi nimejaa. Saa 10 juisi ya miwa Darajani. Saa 12 jioni kuonja, kuonja, kuonja. Saa 3 usiku chai na mkate wa kumimina. Saa 5 watoto wamelala, halua, na pembeni nimeandika "sina njaa, nimechoka".

Ulinishtua ukurasa ule. Chakula kimoja tu cha maana siku nzima, samaki, ndicho nilichokiacha.

Usimwonyeshe mtu daftari hilo kama hutaki. Ila usijidanganye ndani yake. Siku ya nane kaa na kalamu nyekundu, zungushia kila ulichokula bila njaa. Utaona saa mbili tatu zinazojirudia, na hapo ndipo pa kuanzia kazi.

Hatua ya tatu: protini mbele, wali nyuma

Kwa mtu aliyekatwa tumbo, lengo la kawaida ni gramu 60 mpaka 80 za protini kwa siku. Visiwani tuna bahati kubwa, maana kile ambacho karatasi za kigeni huzungukia kwa unga wa makopo sisi tunakipata soko la samaki la Malindi, hapa mjini, asubuhi bado kina maji ya bahari. Yai moja lina gramu 6 hivi. Kipande cha samaki aliyepikwa chenye ukubwa wa kiganja bila vidole, kama gramu 100, kina 20 na zaidi. Kikombe cha mtindi kina kama 8. Basi mayai mawili asubuhi, kipande cha changu au jodari mchana, mtindi alasiri, na kuku au vibua usiku, umeshafika 60 bila kununua kopo lolote. Siku mkono ni mfupi, dagaa wanafaa sana, na choroko au maharage huongeza, ijapokuwa hayo yana wanga pia.

Utaratibu wa kula ndio wenye uzito. Kula samaki kwanza mpaka amalizike. Fuatisha mboga: mchicha, bamia, matembele, biringani. Wali, ndizi au muhogo uje mwisho, vijiko viwili vitatu, kama pana nafasi. Siku nyingi hapatakuwa na nafasi, na hiyo ndiyo shabaha.

Angalia mchuzi. Tumezoea kuuloweka wali mpaka uelee, na ladha ya wali uliolowa tui la nazi hakuna asiyeijua. Lakini mchuzi hugeuza chakula kigumu kuwa uji, kikapita upesi, na tui zito lina mafuta mengi. Mimi hutia mchuzi kijiko kimoja juu ya samaki kwa ajili ya kulainisha, basi. Kwa sababu hiyohiyo usinywe maji wakati wa kula. Kunywa kabla, halafu subiri nusu saa baada ya kumaliza. Katikati ya milo kunywa vizuri, lita moja na nusu mpaka mbili kwa siku, kidogo kidogo. Joto letu halina mchezo, na mara nyingi kiu hujifanya njaa.

Pweza nampenda kuliko samaki yeyote. Pweza wa kuchoma aliyekauka alinikwama nikatapika barabarani pale Forodhani, mbele ya watu. Tangu hapo nampika mwenyewe mpaka alainike, namkata vipande vya ukubwa wa ukucha, na kila kipande natafuna mpaka kiishe. Nyama ya ng'ombe ni vivyo hivyo. Mlo uchukue dakika 20 mpaka 30. Ukipita hapo, ondoa sahani, maana unaanza kudokoa ukiwa umekaa.

Na chombo: acha sahani ya wali, tumia kisosi cha chai.

Hatua ya nne: funga milango ya katikati

Chagua saa zako na uzitangaze nyumbani. Zangu ni saa 1 asubuhi, saa 7 mchana, saa 10 alasiri ule mtindi, na saa 1 usiku baada ya magharibi. Nje ya hapo ni maji na chai kavu. Sheria mbili zilinisaidia kuliko zote. Ya kwanza: sili nikiwa nimesimama. Ya pili: sili mbele ya jiko. Kuonja chumvi nimemwachia binti yangu wa miaka kumi na nne, naye sasa anapika kuliko mimi. Kama huna wa kukuonjea, weka kijiko kimoja cha chai kando ya chungu, onja mara moja, kioshe, kirudishe kabatini.

Njaa ikija nje ya saa, jiulize swali moja: ningepewa sasa hivi kibua wa jana aliyepoa, ningemla? Kama jibu ni ndiyo, ni njaa ya kweli, kula yai. Kama unataka kalimati tu na kibua humtaki, kinachoomba si tumbo. Kunywa maji, toka nje, subiri dakika 15. Mara nyingi hupita.

Chai inahitaji aya yake. Hapa kwetu mtu hupewa chai kabla hajaulizwa habari. Vikombe vitatu vyenye sukari vijiko vitatu kila kimoja ni vijiko tisa kwa siku, kama gramu 36 za sukari, na tumbo halikuhisi hata kidogo. Usiikate ghafla, utashindwa siku ya nne. Punguza nusu kijiko kila wiki. Badala ya sukari ongeza viungo, navyo tunavyo: iliki, mdalasini, tangawizi, karafuu mbili, mchaichai. Mimi nilichukua wiki sita kufika kwenye chai bila sukari, na sasa chai ya watu wengine naiona kama asali. Kahawa chungu ya barazani haina neno, kashata ndiyo yenye neno. Juisi ya miwa iache kabisa. Soda vilevile. Kwa anayekunywa pombe, ajue kwamba baada ya upasuaji hupanda kichwani upesi sana na hatari ya kuizoea huongezeka.

Kama ukila tamu unatokwa jasho, moyo unakwenda mbio na tumbo linasokota ndani ya nusu saa, hasa kwa mtu wa baipasi, ni chakula kimeporomokea kwenye utumbo mdogo mapema mno. Kuna na aina ya pili, ambayo watu wengi hawaitambui: saa moja mpaka tatu baada ya kula, mtu anatetemeka na kuona giza, kwa kuwa mwili umetoa insulini nyingi na sukari ya damu imeshuka. Akinywa soda anapata nafuu, halafu saa mbili baadaye inarudi. Huo ni mzunguko, na unanenepesha. Wakati huo huo ikikushika, pata tamu kidogo itakayokuinua, kisha kula yai au mtindi juu yake. Na mwambie daktari.

Hatua ya tano: sinia, wageni na shughuli

Hapa ndipo wengi tunapoangukia, kwa sababu kukataa chakula kwetu ni kama kumkataa mtu. Sinia lina tatizo lake: mkono wako hufuata kasi ya mikono ya wengine, wala hujui umekula kiasi gani. Omba upakuliwe kando, na uombe kabla sinia halijaja, sio wakati watu wameshanawa. Kwa mama mkwe mimi humwambia hivi: "Shikamoo mama. Cha mkono wako sikikatai, nitilie samaki kwenye kisosi, wali nitaufungasha." Naye hufungasha kweli, na watoto hufurahi. Mzee hakasiriki ukila kidogo chake. Hukasirika ukimwachia bila kugusa.

Kwenye shughuli kula nyumbani kabla ya kwenda. Kaa mbali na meza ya vitafunio, na kile kiboksi cha sambusa, keki na katlesi kifunge, kipeleke kwa jirani kabla hujaingia kwako. Kikilala nyumbani, usiku kitakuita.

Urojo sijauacha. Mara moja kwa wiki nauomba hivi: yai moja, mishkaki miwili, kachori moja, urojo wenyewe vijiko viwili vya kulowesha, bila bajia na bila chipsi za muhogo. Muuzaji alinitazama mara ya kwanza, mara ya tatu akawa ananitengenezea bila kuuliza. Mtu akikwambia uishi Unguja bila urojo maisha yako yote, mpango huo hautafika mwezi.

Ramadhani

Usifunge kabla daktari wako hajakuruhusu, na hasa miezi ya mwanzo baada ya upasuaji usilazimishe. Mgonjwa ana ruhusa yake katika dini, muulize sheikh wako kuhusu kulipa au fidia. Ukiruhusiwa, fahamu kwamba hapa kwetu saumu ni kama saa 13 na nusu mwaka wowote, na usiku wa kunywa maji ni kama saa kumi na nusu. Panga maji kwanza, chakula baadaye.

Futuru kwa maji na tende. Sunna ni witiri, yaani idadi isiyogawika kwa mbili, na moja ni witiri: tende moja ndogo ina sukari ya kama kijiko cha chai, tatu ni tatu. Sali magharibi. Ukirudi, kula samaki au supu ya kuku yenye nyama, halafu kijiko kimoja cha futari uipendayo, kiwe cha muhogo, ndizi au tambi, lakini chagua kimoja. Baada ya tarawehe, mtindi au yai. Daku usiliache, mayai mawili au maharage na maji. Hatari ya Ramadhani kwetu sisi ni kutoka magharibi mpaka daku mdomo haujafungwa, kila nyumba ina kitu, na saa zote zile zinakuwa kudokoa kumoja kurefu.

Njaa ya moyo

Rudi kwenye ile saa 5 usiku ya daftari langu. Kwa miaka mingi chakula kilikuwa mapumziko yangu, na upasuaji uliniondolea mapumziko bila kunipa mengine. Ukiongeza na maneno ya mtaani, "kakatwa tumbo na bado kanenepa", mtu hula kwa siri, kwa aibu, halafu aibu inaleta kula tena. Dada yangu, kaka yangu, unayesoma haya umejificha: hukosi haya wala imani. Mwambie mtu mmoja. Mimi nilimwambia mume wangu, na tukakubaliana kwamba baada ya watoto kulala tunatoka kukaa barazani na chai ya mdalasini, jiko limefungwa na taa imezimwa. Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu kama kufiwa. Ikiwa unakula mpaka unaumia na huwezi kujizuia, hilo ni tatizo la afya linalotibika, muombe daktari akupeleke kwa mtaalamu wa afya ya akili.

Mengine kwa ufupi

Vitamini ni za maisha yote, hata miaka kumi ikipita. Madini ya chuma na kalsiamu usivimeze pamoja, acha saa mbili kati yao, na vidonge vya chuma usivishushie na chai, huzuia kufyonzwa. Anayeangalia halali achague vidonge vigumu au vya kutafuna na asome kopo, kwani magamba laini ya baadhi ya vidonge hutengenezwa kwa jelatini ya nguruwe. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni usijinunulie dukani, huleta vidonda tumboni, hasa kwa watu wa baipasi.

Mizani mara moja kwa wiki, siku moja, saa moja. Yangu ni Ijumaa asubuhi kabla ya chai. Tembea kila siku, hata kama ni kushuka kituo kimoja kabla ya kwako, na ukipata kikundi cha mazoezi mtaani jiunge, maana misuli ikipungua, uzito unaorudi mara nyingi huwa ni mafuta.

Usifuate wanaouza mpango wa siku tano za maji na supu kwa ahadi ya "kurudisha tumbo dogo". Tumbo halisinyai kwa siku tano. Kuna sindano za kila wiki zinazopunguza hamu ya kula na madaktari huziandika kwa waliorudisha uzito. Zinafaa kwa wengine, lakini kwa daktari anayekufuatilia, si kwa rafiki mwenye kalamu ya sindano ya ziada kwenye friji.

Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri, na kuna wiki hakitapungua kitu. Kilo 79 zangu za mwaka ule sidhani kama zitarudi, na daktari wangu hazitaki. Kama unaanza, anza na kununua daftari kesho asubuhi, na ukurasa wa kwanza uandike saa uliyokunywa chai na vijiko vya sukari ulivyotia.